Mwalimu na Herufi Aliyoichora

Mtu ninayetaka kumwandika hapa hakuwa ndugu yangu, wala hakunifundisha darasani, ingawa kama watu wote wa mtaa nilimwita Mwalimu. Kwa miaka tisa tulipanga pamoja chumba kimoja cha kazi pale Ibanda, mjini Bukavu, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, yake chini ya dirisha. Mimi nilichapa maombi ya kazi, matangazo ya misiba na vitabu vya kumalizia masomo vya wanafunzi wa chuo. Yeye alisoma Kichina.

Watu walidhani kazi yake ni kutafsiri, lakini kutafsiri kulikuja baadaye, kama kulikuja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyafanya maandishi ya Kichina yaonekane. Mji wetu umejaa vitu vilivyotoka huko: jenereta, mashine za kusaga, vifaa vya maabara, simu, na kila kitu huja na faili lake la maelezo. Mtu akilifungua hapa Bukavu, haoni Kichina. Anaona takataka. Basi anapanda ngazi zetu kumi na nne akiwa amekasirika, anasema faili limeharibika.

Mwalimu hakulipenda neno hilo. Siku yangu ya kwanza alichukua karatasi kwenye meza yangu, akaandika alama nne: ÄãºÃ. Akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia naona herufi za Kifaransa zilizolewa.

"Ni salamu, maman," akasema. "Mutu anakusalimia. Shida ni mashine yako tu, haijuwe ni luga gani."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu wakati huo, yeye alikuwa amepita hamsini, na aliniita maman tangu siku hiyo hadi leo. Alinieleza kwamba ndani ya mashine, yaani kompyuta, hamna herufi hata moja. Mna namba tu. Kuna orodha inayosema namba hii ni herufi hii, na kila nchi zamani ilijitungia orodha yake. Wachina walikuwa na yao, na ndani yake herufi moja huchukua namba mbili. Wachina wa visiwani walikuwa na nyingine. Mashine zetu zilisoma kwa orodha ya Wafaransa, namba moja herufi moja, ndiyo maana salamu ya herufi mbili ikatoka alama nne za ulevi. Sasa ipo orodha moja ya dunia nzima, lakini mafaili ya zamani hayaijui, na watu hawajui kwamba hayaijui.

Mteja akiingia, Mwalimu alimuuliza kwanza kama anaona magugu, yaani herufi zilizolewa kama zile, visanduku, au alama za kuuliza. Magugu yalimpa raha: mashine imeshika orodha isiyo yake, unabadilisha, basi. Visanduku navyo havikumsumbua sana, maana mashine inajua herufi ni ipi, ila haina sura ya kuionyesha, nawe unaitafutia sura. Lakini akiambiwa alama za kuuliza, safu nzima ya alama za kuuliza, alivua miwani. Maana yake mtu alifungua faili kwa orodha mbaya kisha akalihifadhi hivyohivyo, na mashine ikafuta kila namba isiyoielewa. Hapo hakuna cha kurudisha. Alinizuia kuhifadhi chochote kabla ya kuangalia, na kwa miaka tisa sikuwahi kubonyeza kitufe hicho bila kumgeukia kidogo, hata kama ninachochapa ni tangazo la arusi.

"Mashine haidanganye," alikuwa akisema. "Iko tu na haraka."

Kwa mashine alikuwa na subira ya mkulima. Kwa watu, hapana. Siku moja alikuja muuguzi kutoka Kalehe, mama mwenye sura ya uchovu, na picha kwenye simu yake: mashine ya kupimia damu ya kituo chao ilikuwa imegeuka Kichina chote, na sehemu nyingine visanduku vitupu. Wagonjwa walikuwa wanarudishwa bila kupimwa. Mwalimu akamfokea. Alitaka kujua ni nani alibonyeza nini, lini, na kwa nini hawakuandika mahali. Yule mama akakaza tu mkoba wake mapajani. Kesho yake Mwalimu alipanda boti pamoja naye, akakaa Kalehe siku mbili, mashine ikarudi kwenye Kifaransa. Aliporudi alikaa mbele yangu akaniomba nimchapie barua ya kuomba radhi kwa yule muuguzi. Tuliiandika mara tatu. Ya kwanza aliiona ni ndefu, ya pili akasema ina kiburi. Ya tatu ilikuwa na mistari miwili, na aliitia sahihi kwa kalamu ya wino kama cheti cha shule.

Alikunywa maji ya moto matupu kutoka kwenye chupa ya chai. Hayakuwa na majani wala sukari. Wenye maduka ya chini walimcheka, wakisema muzee amerudi na magonjwa ya huko China. Kanisani alikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya matangazo. Namba za mashine alizihesabu kwa Kifaransa kama sisi wote, lakini hesabu ikimshinda alishuka kwenye Mashi, lugha ya kwao, polepole, akigusa vidole. Sikukuu ya Noeli alifungua chumba kama siku nyingine. Najua kwa sababu mwaka mmoja nilipita kuchukua shali niliyoisahau, nikamkuta ameketi mbele ya mashine iliyozimwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Mtu huyu aliyekaa China miaka minane, aliyesoma huko hesabu za mashine na kurudi na cheti chenye muhuri mwekundu, hakupenda kuongea Kichina. Wahandisi wa barabara waliokuwa wakipita pale chini walisikia habari zake, wakapanda kumsalimia kwa furaha. Aliwajibu kwa Kifaransa. Waliendelea kwa Kichina, naye akaendelea kwa Kifaransa, mpaka wakachoka wakaaga. Nilidhani ni majivuno.

Siku watu wa Mwenga walipokuja, nilimwona mtu mwingine.

Walikuwa watatu, wachimbaji wa dhahabu wa kooperative moja ndogo, chama chao cha ushirika, na mkubwa wao alikuwa mzee mfupi aliyeshika kofia yake mkononi muda wote. Walitaka nichape mkataba uliokuwa kwenye kle, kile kidude cha kuchomeka kwenye mashine, wausaini siku ya Ijumaa na kampuni ya Wachina iliyotaka kuchimba pamoja nao. Karatasi zilianza kutoka: kushoto Kifaransa, kulia visanduku, ukurasa baada ya ukurasa. Nikawauliza. Wakasema hakuna shida, bwana wa mjini aliyewaunganisha na kampuni ndiye aliyeandika upande wa Kifaransa, naye amewaambia upande wa pili ni yaleyale tu kwa Kichina.

Mwalimu alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Aliomba kle. Wale watu hawakupenda. Walikuwa na gari la kuwahi. Lakini mzee mwenye kofia alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaweka ile sura ya herufi iliyokosekana, visanduku vikajaa, na akasoma tangu saa tatu hadi karibu saa sita, midomo ikitikisika bila sauti. Mimi niliacha kuchapa.

Alipomaliza aligeuza kiti. Aliwaeleza kwamba pande mbili hazilingani. Upande wa Kichina, kampuni imekubali kutogusa kijito ambako kijiji kinateka maji, wala kilima cha makaburi. Upande wa Kifaransa hayo mambo mawili hayamo. Kampuni iliyaandika, aliyeandika Kifaransa aliyaacha. Na mkataba wenyewe, mwishoni, unasema pande zikigombana kitakachofuatwa ni Kifaransa.

Mzee wa Mwenga akainuka, akaja mpaka kwenye mashine.

"Muto yetu iko wapi?"

Mwalimu akamwonyesha. Yule mzee akaweka kidole chake juu ya kioo, juu ya ile herufi, akakiacha hapo.

Hawakusaini Ijumaa ile. Walisaini wiki nyingi baadaye, baada ya kwenda kwa kampuni wenyewe, wakiwa na tafsiri ya Mwalimu, na pande zote mbili zikasema jambo moja. Mmoja wao alipita mwaka uliofuata kununua betri mjini, akapanda kutuambia kwamba maji bado yanatekwa palepale. Lakini kabla ya hapo bwana wa mjini alikuja. Hakupiga kelele. Alimwambia Mwalimu kwamba hakuna ofisi wala kampuni ya mji huu itakayomwita tena kutafsiri, na akaondoka bila kufunga mlango. Ikawa kweli. Waliobaki ni wenye simu na wenye mashine za kusaga. Mwalimu alisema hata hivyo kutafsiri hakukumpendeza kamwe. Nilimwamini nusu.

Saa za mchana, watu wakishuka kula, yeye alichukua karatasi yenye miraba midogo akaandika herufi moja, ileile, mstari mzima, kisha akaichana. Niliiona mara nyingi hata ningeweza kuitambua, herufi yenye mistari mingi iliyobanana. Sikumuuliza. Katika chumba kidogo mnajifunza kuachiana nafasi.

Nililijua jambo lenyewe kwa sababu ya umeme. Siku hiyo mashine yake iliungua, umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Alikuja kwenye meza yangu na kle, akaniomba afungue faili moja tu, barua anayotaka kuimalizia. Nikampisha. Barua ikafunguka kwa Kichina safi, maana alikuwa ameshaipa mashine yangu sura za herufi zamani. Ila mwanzoni kabisa, mahali pa jina la anayeandikiwa, palikuwa na kisanduku.

Hakuwa amevaa miwani. Aliniuliza naona nini pale juu.

"Kisanduku, Mwalimu."

"Angalia tena."

"Ni kisanduku."

Akavaa miwani. Akakaa vile kwa muda mrefu hata mteja mmoja aliingia, akatutazama, akatoka.

Hapo ndipo aliponieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya jenereta. Alikuwa na binti huko China. Babu wa mtoto, baba wa mke wake, alikuwa mpenda vitabu vya kale, akamchagulia mjukuu jina lenye herufi ambayo watu hawaitumii tena. Herufi hiyo haikuwa kwenye orodha ya Wachina wenyewe. Shuleni kwa mtoto waliiandika kwa mkono. Kisha mama yake Mwalimu akafa hapa, Mwalimu akaja kumzika, akaaga kwa mwezi mmoja. Vita ikafunga njia, karatasi zake zikaisha muda, chuo hakikumwandikia tena, na mke alingoja miaka mitatu, kisha akachoka, na Mwalimu hakumlaumu. Zikabaki barua za mtandaoni. Na kwa kuwa mashine yake haikuwa na herufi ya jina la binti yake, aliichora. Orodha ina sehemu iliyoachwa wazi, kila mtu ajaze chake. Aliichora nukta kwa nukta, wiki mbili, akaipa namba. Tangu siku hiyo kila barua ilianza na jina la binti, na kwenye kioo chake lilionekana zuri kabisa.

Lilionekana kwake tu. Sura ile ilikaa ndani ya mashine yake, haikusafiri na barua. Aliyekuwa akiwafundisha watu kila siku tofauti ya namba na sura hakulifikiria hilo, au hakutaka kulifikiria.

Kibaya zaidi, binti alikuwa ameuliza. Alipokuwa na miaka kumi na minne aliandika: Baba, kwa nini hunipi jina? Mwalimu alidhani anaulizia jina la ukoo, maana mtoto alibeba la mama yake. Akamjibu kwa kurasa nne, akieleza desturi za kwao na za huku, na mwanzoni mwa kurasa hizo nne binti akaona tena kisanduku kitupu. Binti hakuuliza tena. Barua zake zikawa fupi.

"Miaka saba niko namuita," Mwalimu akasema, "na yeye anasikia kimya."

Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya. Nikamwambia akae kwenye meza yangu kadiri atakavyo.

Alikaa wiki tano. Mimi nilichapa asubuhi, yeye alichukua mashine mchana. Alikuta kwamba orodha mpya ya dunia ilikuwa imeipokea ile herufi, pamoja na maelfu ya nyingine za vitabu vya kale. Ilikuwa na namba yake ya halali, ambayo kila mashine ingeijua. Alifungua barua zote za zamani, moja baada ya nyingine, akaondoa herufi yake ya kuchora na kuweka ile ya kweli. Hakukubali mashine ifanye zote kwa mara moja, ingawa alijua njia. Siku ya mwisho alizituma zote pamoja, na maneno machache ya kueleza. Wakati wa kuhifadhi, alinigeukia mimi.

Jibu lilichukua miezi. Katika miezi hiyo alichana karatasi nyingi zaidi, na alinikosoa kwa ajili ya kelele za kiti changu. Kisha asubuhi moja nilimkuta amesimama dirishani, mgongo kwa mlango. Aliniambia binti amejibu. Nilimuuliza amesema nini. Neno moja, akasema: Nimeliona.

Nikamuuliza kama hilo linatosha. Alisema lazima litoshe.

Mimi nilihamia Kamanyola nilipoolewa, nikafungua meza yangu mwenyewe kule chini kwenye joto. Mwanzoni nilimpigia simu kila mwezi, halafu kila sikukuu, halafu si kila sikukuu. Ninalisema hili kwa aibu. Mwaka jana nilipanda Bukavu kutafuta cheti cha mtoto, nikaambiwa Mwalimu ameacha chumba, yuko mtaa wa Muhumba, nyuma ya nyumba ya watu waliompangisha chumba na kibaraza.

Nilimkuta ameketi kibarazani, amegeuza uso kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa meupe. Moja limekufa, akaniambia baada ya kunijua kwa sauti, la pili linaona rangi. Alisema daktari wa macho atakuja, wanasema atakuja. Mezani palikuwa na chupa ya maji ya moto na simu kubwa. Tuliongea habari za watoto wangu, joto la Kamanyola, na nani amekufa pale mteremkoni. Kisha akaisukuma simu kuelekea kwangu. Ilikuwa imelia tangu asubuhi, akasema, na hiyo sauti yake ni ya mtu mmoja tu.

Nilimwambia siku hizi simu inaweza kusoma yenyewe kwa sauti. Alijua.

"Inasoma mbio," akasema. "Ikimaliza, imeisha. Weye unielezee, maman."

Sikujua Kichina hata kidogo. Nilifungua ujumbe: herufi nne tu, alama ndogo baada ya ile ya kwanza, na alama ya kuuliza mwishoni. Nikamwambia kwamba ya kwanza, juu yake kuna vistari viwili vinavyoachana, chini yake viwili virefu vinavyopishana kama miguu ya mtu, halafu chini kabisa kitu chenye dirisha na mkia unaozunguka.

"Ni miye," akasema mara moja. "Baba."

Ya pili nilimwambia ina mraba mdogo kushoto, na kulia kitu kinachojipinda kama nyoka chini ya paa. Alifikiri. Akaniuliza mraba umesimama katikati au juu. Nikasema juu kidogo. Akasema mraba ni mdomo, na neno ni kula. Ya tatu ilikuwa rahisi, kama ndoana ya kuvulia samaki. Hiyo, akasema, ni ya kumaliza jambo. Ya nne alinikatiza kabla sijaieleza, maana alikwisha kuielewa sentensi.

"Baba, umekula?"

Kisha akanieleza kwamba huko hii ni salamu tu, kama sisi tunavyosema jambo. Mtu hakuulizi kweli. Akaniambia niandike jibu. Alinitajia sauti kwa herufi zetu za kawaida, nikabonyeza, simu ikanipangia Kichina, nami nikamweleza kila herufi mpaka tukapata zile mbili anazotaka. Zilimaanisha: Nimekula.

Saa nane ilikuwa imepita. Nilitazama pembe ya kibaraza. Jiko halikuwa na moto wala majivu ya leo, na sufuria ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa chini, kavu kabisa.

Nikaiweka simu mezani bila kutuma. Nikamwambia ninatoka kidogo. Nilinunua sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwa mama wa barabarani, na unga, nyanya na makala, yaani mkaa, nikarudi nikawasha jiko. Hakuniuliza ninafanya nini. Alisikiliza mafuta yakilia. Nikasonga bugali, nikampakulia, nikamwelekeza mkono kwenye sahani, naye akala polepole, mpaka mwisho, kama mtu anayefanya kazi vizuri.

Alipomaliza alinawa, akakausha vidole kimoja kimoja.

"Ulituma?"

"Bado, Mwalimu."

"Tuma sasa," akasema.

Nikatuma.